Nilifundisha nikiwa naumwa, na sasa naandika mpango wa kinga wa shule

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, huu ni mwaka wa kumi na tisa nashika chaki. Jambo ninalokuandikia hata mume wangu analijua nusu tu.

Ilikuwa 2021, korona imerudi na kirusi cha Delta, chanjo haijatufikia. Jumatatu moja niliamka koo linawasha na pua inachuruzika. Nikajiambia ni vumbi la chaki. Lakini vumbi la chaki nalijua linavyowasha, Shangazi, na hili halikuwa lile. Nilikwenda kazini kwa sababu ya daftari. Shuleni kwetu ukikosa kazi, vipindi vyako wanabebeshwa wenzako, na siku yako inaandikwa kwenye daftari ambalo mwalimu mkuu wa wakati ule alikuwa akilisoma kwa sauti kwenye kikao cha mwisho wa mwezi. Jina, idadi ya siku, halafu kimya kidogo kabla ya jina linalofuata. Walimu watatu walikuwa tayari wamelala nyumbani. Sikutaka kuwa wa nne.

Nikavaa barakoa. Getini nikapigwa kipimajoto kwenye paji la uso, kikasema niko sawa. Nikanawa kwa maji tiririka na sabuni kama kila mtu, nikaingia darasani.

Kipindi cha pili kilikuwa cha kusoma hadithi. Mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yamefungwa, na mawili kati ya sita hayafunguki hata siku za jua, yalipigwa misumari zamani baada ya vitabu kuibwa. Watoto wa nyuma wakasema hawanisikii. Nikashusha barakoa hadi kidevuni, nikasoma hivyo karibu nusu saa. Mchana tulikaa saba kwenye meza moja chumba cha walimu, barakoa mifukoni maana tunakula, tukawa tunasahihisha huku tunapiga soga. Ubavuni kwangu alikuwa mwenzangu wa Hisabati. Ni rafiki yangu tangu tulipoajiriwa, tulipangiwa kituo siku moja.

Jumanne na Jumatano yeye hakuwepo, alikuwa kwenye semina. Mimi niliendelea kufundisha. Alhamisi homa ikaniangusha, nikapimwa, ikawa korona. Simu ilipokuja kuniuliza dalili zilianza lini, nilisema Jumatano usiku. Wakaniuliza nani alikuwa karibu nami siku mbili kabla ya hapo. Nikawataja wa Jumanne na Jumatano. Yeye sikumtaja, kwa kuwa kwa hesabu yangu ya uongo hakuwa anahusika.

Wiki iliyofuata alilazwa. Alikaa wodini majuma matatu akisaidiwa kupumua kwa oksijeni. Alitoka, lakini mpaka leo akipanda ngazi husimama katikati akashika ukuta. Watoto wanne wa darasani kwangu waliugua pia, wote kidogo. Bibi wa mmoja wao alifariki mwezi ule ule. Sijui kama kuna uhusiano. Hicho ndicho kinachoniamsha saa tisa za usiku.

Sasa mwalimu mkuu mpya ameunda kamati ya watu watano iandike mpango wa shule wa kujikinga na mlipuko wowote utakaokuja. Nimo mimi, na yumo mwenzangu wa Hisabati. Mwenyekiti ameleta rasimu ya kurasa nne: ndoo za kunawia, sabuni, vipimajoto viwili vipya, mistari ya rangi sakafuni, kupuliza dawa kwenye madawati kila jioni, na zawadi kwa darasa litakalokuwa na mahudhurio kamili. Madirisha hayamo, na mwalimu anayeumwa hayumo. Mwenyekiti akasema haya ndiyo yaliyotuvusha mara ile. Tukaitikia. Mwenzangu akanigeukia akaniuliza mbele ya wote, "Wewe si tuliugua pamoja, unaona kuna kilichosahaulika?" Nikasema hapana.

Rasimu inapitishwa baada ya wiki mbili. Shangazi, niseme? Nikisema nitampoteza rafiki, labda na kazi. Na hata nikifumba mdomo juu ya yangu, kwenye huo mpango niweke nini, maana nahisi umepinda ila sina maneno ya kuwaambia kwa nini.

Mwalimu mwenye siri

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu nyekundu mkononi. Ni mazoea, nami nilishika chaki kabla ya kushika safu hii. Ulitegemea nipige mstari pale uliposhusha barakoa. Sikupiga hapo. Nimepiga kwenye daftari linalosomwa kwa sauti, na kwenye kile kimya kidogo kabla ya jina linalofuata.

Lakini tuanze na saa tisa za usiku, kwa sababu mtu asiyelala haandiki mpango wa maana.

Hujui kama ni wewe uliyemwambukiza mwenzako, na hakuna atakayekujulisha. Meza ile mlikuwa saba. Kirusi kile kilikuwa kinatoka kwa mtu hata siku mbili kabla hajahisi lolote, kwa hiyo yeyote kati ya wale watano wengine angeweza kukaa pale mzima kabisa huku anakigawa. Na semina alikotoka kulikuwa na watu wake na ukumbi wake. Yule bibi ndiyo usimguse kabisa. Mwezi ule, kwa wimbi lile, njia za kumfikia zilikuwa nyingi kuliko unavyoweza kuzihesabu. Kujitwisha kifo ambacho huna ushahidi nacho kunaonekana kama unyenyekevu, lakini mara nyingi ni namna ya kukwepa kosa dogo lililo na ushahidi.

Na la ushahidi unalo. Mambo mawili: ulikwenda kazini ukijua unaumwa, na ulidanganya tarehe. Hilo la pili kwangu ni zito kuliko la kwanza, na nadhani nawe unajua, ndiyo maana umelieleza kwa urefu ule. Wanaofuatilia waliokaribiana na mgonjwa wanahesabu kurudi nyuma siku mbili tangu dalili ya kwanza. Ungesema Jumatatu asubuhi, hesabu ingeanzia Jumamosi, na meza nzima ya mchana ule ingepigiwa simu. Mwenzako angejua Alhamisi ile ile kwamba ajichunguze, akae mbali na wa nyumbani kwake, apime mapema. Ulipoisogeza tarehe ulimnyima siku hizo. Pengine zisingebadilisha kitu. Lakini zilikuwa zake.

Kwa hiyo ndiyo, umwambie. Umwambie yeye kabla ya kamati, ana kwa ana, na mahali pa wazi, si kwenye chumba kile cha walimu. Usiende na "mimi ndiye niliyekuharibu mapafu", kwa kuwa hulijui hilo, na utamlazimisha akubembeleze wewe wakati mgonjwa alikuwa yeye. Sema ulichokifanya: nilianza kuumwa Jumatatu, nilisema Jumatano, jina lako halikuingia kwenye orodha kwa sababu hiyo. Halafu nyamaza. Usiombe msamaha wa papo kwa papo, mwache aende nalo nyumbani. Akikasirika ana haki, na huenda akakasirika kwa muda mrefu.

Ila nikwambie kitu. Lile swali alilokuuliza mbele ya kamati nimelisoma mara tatu. Sibashiri, lakini halisikiki kama swali la mtu asiyejua kitu. Mwalimu wa Hisabati anajua kuhesabu siku.

Kamati yenyewe haihitaji maungamo yako. Inahitaji ulichokiona. Unaweza kusema "mwalimu mmoja alipita getini akiwa na dalili na kipimajoto kikampitisha", na hiyo ni kweli tupu. Kama mwenzako atataka mwalimu mkuu ajue zaidi, nenda naye. Kabla ya kuandika na kutia sahihi chochote, ongea na chama chenu cha walimu. Siyo kwa ajili ya kuficha, ni kwa sababu barua ya kukiri iliyoandikwa usiku kwa machozi huwa inasema mengi kuliko yaliyotokea.

Sasa tuje kwenye rasimu.

Unasema umepinda na huna maneno. Neno ninalo: umeganda. Rasimu ya mwenyekiti wako imeganda kwenye miezi ya mwanzo ya 2020, tulipoambiwa hatari iko mikononi, kwenye vitasa vya milango na kwenye matone mazito yanayodondoka ndani ya mita moja. Julai 2020 wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi, wakiongozwa na Lidia Morawska na Donald Milton, wakisema kirusi hiki kinaelea hewani kama moshi na kinaweza kukaa ndani ya chumba. Shirika la Afya Duniani lilichukua muda kuliandika hilo waziwazi, mpaka 2021. Kufikia hapo shule zilikuwa zimeshanunua ndoo, zimechora mistari, na zikaamini kazi imekwisha. Simlaumu mwenyekiti. Ndoo inaonekana, hewa haionekani, na mkaguzi akija anapiga picha ya ndoo.

Hebu tazama darasa jingine. Mei 2021, kwenye kaunti ya Marin huko California, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alianza kuhisi pua imeziba na uchovu. Akadhani ni mzio. Akaendelea kufundisha siku mbili, na alipokuwa akiwasomea watoto kwa sauti alikuwa anavua barakoa. Darasa lilikuwa na watoto 24, wamevaa barakoa, madawati yameachana karibu mita mbili. Nusu yao, watoto 12, wakapatikana na korona. Kwenye safu mbili za mbele waliambukizwa 8 kati ya 10. Safu tatu za nyuma, 4 kati ya 14. Nimekupa hesabu hiyo kwa sababu ukiipeleka kwenye kamati, mtu wa Hisabati hatahitaji kuelezwa zaidi.

Umeona inachosema? Mtu wa hatari zaidi ndani ya darasa ni mwalimu. Hakosi usafi kuliko watoto, ila ndiye anayeongea, anaongea kwa nguvu, amesimama mbele, na anapita madarasa manne kwa siku. Sauti ikipandishwa, chembe zinazotoka mdomoni zinaongezeka. Na hatari haiwaendei watoto peke yao. Uingereza walipofungua shule Juni na Julai 2020, wachunguzi walikuta walimu na wafanyakazi wanahusika kwenye milipuko ya shuleni zaidi ya wanafunzi. Sisi tunapanga watoto mistari kama askari, kisha tunakwenda kukaa saba kwenye meza moja na barakoa mifukoni. Kipengele cha chumba cha walimu kiwe na ukurasa wake: mle kwa zamu au nje, na vikao virefu vihamie kivulini.

Hewa sasa. Nitakaa hapa kidogo.

Pumzi tunayotoa ina kaboni dayoksaidi sehemu kama 40,000 katika kila milioni. Hewa ya nje ina kama 420. Kuna kidude cha kupimia, kidogo kama redio ya mkononi, ukikiweka mezani kinakuonyesha namba inavyopanda kadiri darasa linavyopumua. Namba ikifika 2,000, na darasa lililojaa na kufungwa hufika hapo bila shida, maana yake karibu pumzi moja katika kila 25 unazovuta imeshatoka kifuani mwa mtu mwingine. Fungua madirisha mpaka ishuke 800, inakuwa kama moja katika mia. Hiyo 800 ndiyo namba ambayo wataalamu wengi wa hewa ya ndani wanaishika kama lengo. Kama shule haiwezi kununua kidude, tumia pua. Toka nje dakika tano, rudi ghafla. Lile fukuto linalokupiga mlangoni, lile la soksi na vichwa vilivyolowa jasho, ndiyo namba yenyewe.

Dirisha moja halitoshi, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Mlango wazi upande huu, madirisha wazi upande ule. Mvua ikinyesha upepo ukitoka kaskazini, funga ya kaskazini, acha ya kusini. Kama kote kunaingia maji, fungua kwa upana wa kiganja. Upana wa kiganja kwenye madirisha manne ni bora kuliko dirisha moja lililofunguliwa lote kwa dakika kumi halafu likafungwa kwa sababu karatasi zinaruka. Mpe kiranja wa darasa kazi hiyo, watoto hawasahau kazi waliyopewa cheo.

Huu si mzaha wa mtu wa mitishamba. Jimbo la Georgia, Marekani, lilichunguza shule za msingi 169 mwishoni mwa 2020. Zilizoboresha hewa zilikuwa na maambukizi pungufu kwa asilimia 39 kuliko ambazo hazikufanya hivyo. Zilizowataka walimu na wafanyakazi wavae barakoa, pungufu kwa asilimia 37. Na ulipo umeme, kuna mtengenezaji wa vichujio vya hewa, Jim Rosenthal, na mhandisi Richard Corsi, waliounda mwaka 2020 sanduku la vichujio vinne vya hewa vilivyofungwa kwa utepe wa gundi, feni ikawekwa juu. Wanafunzi wenyewe wanaweza kuliunganisha. Linapiga kelele, lakini linafanya kazi.

Wala wazo si geni. Mwaka 1908 mji wa Providence, Marekani, ulifungua darasa la watoto waliokuwa hatarini kupata kifua kikuu, madirisha wazi majira ya baridi kali, watoto wamejifunika mablanketi huku wanasoma. Babu zetu wa elimu ya afya walijua hewa. Sisi ndio tuliosahau, tukapiga misumari.

Vipimajoto na ndoo sikuambii uvitupe, na hapa ndipo ningependa uwe mwangalifu, maana utakayemkatalia kila kitu hatakusikiliza hata kwa moja. Shule za Guinea, Liberia na Sierra Leone zilifungwa 2014 kwa sababu ya Ebola. Zilipofunguliwa 2015, kila mtoto alipimwa joto getini na kunawa, na ilikuwa sahihi. Ebola haitoki kwa mtu kabla hajaanza kuumwa, na inapita kwenye majimaji ya mwili. Kipimajoto kinamkamata mtu kabla hajagusa mwenzake. Korona inatoka kabla ya homa, na wengine hawapati homa kabisa, kwa hiyo kipimajoto kile kile kinakuwa pambo la getini. Kilikupiga kwenye paji la uso kikakupa ruhusa! Na kipindupindu kikija, ndoo na choo vitakuwa ndiyo mpango mzima, dirisha halitasaidia kitu.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mpango wenu usianze na orodha ya vifaa. Uanze na swali: ugonjwa huu unapitia wapi, na mtu anaanza kuutoa lini? Anayejibu ni mganga mkuu wa wilaya yenu, siyo kamati. Jibu likija, ndipo mnafungua ukurasa unaohusika: wa pumzi, wa maji na kinyesi, wa kugusana. Kurasa tatu fupi ni bora kuliko nne ndefu zinazofanana.

Kupuliza dawa madawati kila jioni, futeni kwenye rasimu. Kitambaa chenye maji ya sabuni kinatosha, na moshi wa dawa unawaumiza wenye pumu na wenye mapafu dhaifu, akiwemo sasa mwenzako.

Yeye, tena, mpango umtaje. Siyo kwa jina, lakini kila shule ina mtu kama yeye: mwalimu mwenye pumu, mjamzito, mtoto mwenye selimundu, mpishi mwenye kisukari. Andikeni kwamba mlipuko ukitangazwa, hawa wanapewa vyumba visivyo na ngazi na vyenye hewa, wanapewa barakoa zinazochuja vizuri za aina ya N95 au FFP2 badala ya kitambaa, na hawapangwi zamu ya getini. Haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji tu kuulizana mapema, kwa staha, kabla mtu hajalazwa.

Nimeliacha daftari mpaka sasa kwa sababu ndilo litakalowagawa. Unaweza kununua vichujio na kuziba kila pengo, lakini shule inayomwadhiri anayebaki nyumbani itajaza wagonjwa kila asubuhi, tena wagonjwa waliojifunza kuficha. Wewe ni mwalimu mzuri, miaka kumi na tisa, na ulificha. Mwalimu mgeni asiye na mkataba atafichaje? Na ile zawadi ya mahudhurio kamili ni daftari lile lile kwa watoto. Nimewahi kuona mtoto wa miaka minane anayetetemeka kwa homa analia asirudishwe nyumbani kwa sababu darasa litakosa kombe. Wenzake walikuwa wanamtazama kama mwizi. Ondoeni zawadi hiyo yote, si wakati wa mlipuko tu.

Badala yake pendekeza maneno haya, uyarekebishe yaendane na kanuni za ajira zenu: "Mwalimu, mfanyakazi au mwanafunzi mwenye dalili hubaki nyumbani na kutoa taarifa kwa simu. Siku hizo hazisomwi kikaoni, hazihesabiwi kwenye tathmini, na anayetoa taarifa ya kweli kuhusu siku dalili zilipoanza haadhibiwi kwa kuwa alikuwa kazini." Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na utakuwa umeiandika wewe unayeijua bei yake.

Watakuuliza nani atashika vipindi. Ni swali la haki, usilidharau. Jibu baya ni kuunganisha madarasa mawili kwenye chumba kimoja, hapo mmetibu pengo la ratiba kwa msongamano. Bora kila mwalimu aache bahasha ya kazi za siku tatu kwa kila darasa lake, ikae ofisini, kiranja aigawe na mwalimu wa jirani achungulie mlangoni. Watoto watajifunza kidogo siku hizo. Itakuwa hasara ndogo kuliko shule kufungwa. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani, na Uganda hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mpinzani akisema madirisha na ruhusa ya kuugua ni anasa, mwulize angependa kulipa lipi.

Suala la sauti yako, kwa sababu najua utaliuliza: usishushe tena barakoa kwa ajili ya watoto wa nyuma. Wasogeze wao, au wewe tembea katikati ya safu ukiwa umevaa, au mpe mtoto mwenye sauti asome na mengine yaandike ubaoni. Kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni kinasaidia sana, na koo litakushukuru hata baada ya mlipuko. Hadithi ndefu, toka nao nje.

Unasema una wiki mbili. Wiki ya kwanza ni ya mwenzako. Usifike kikaoni kabla hujaongea naye, hata kama itabidi uahirishe mara tatu na kurudi mara ya nne. Wiki ya pili, mwombe mwenyekiti nafasi ya kusoma rasimu pamoja kabla ya kikao, ninyi wawili, ili asijione ameumbuliwa mbele ya watu. Anza na anachokipenda, ndoo, halafu mpeleke kwenye darasa lako mchana baada ya kipindi cha nne, milango imefungwa, umwache asimame dakika moja bila kusema kitu.

Na yale madirisha mawili, usisubiri kamati. Wenye kuiba vitabu walishazeeka. Mwombe mwalimu mkuu ruhusa Jumatatu, na uende na nyundo.

Shangazi